Tanga na Ramani Zake: Maswali Ninayoulizwa Kila Siku Kuhusu Viwanja, Bandari na Bomba

Nilianza kazi ya upimaji ardhi nikiburuta mnyororo wa kupimia porini, nikastaafu enzi za kompyuta. Tangu nistaafu sipiti Ngamiani, mitaa yetu ya zamani hapa Tanga, bila mtu kunisimamishia baiskeli: "Mzee, eti shamba letu limeingia kwenye ramani?" Majibu nimeyarudia hadi mke wangu anayajua kwa ghibu, juzi alimjibu mgeni mlangoni kabla sijamaliza kuvaa kanzu. Basi nimeyaandika. Hili si tamko la ofisi yoyote. Ni maneno ya baraza, ila yale ya sheria nimeyaangalia mara mbili.

Kwani Tanga inapangwa na nani?

Kisheria, ni Halmashauri ya Jiji. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inaitambua halmashauri kuwa mamlaka ya upangaji, na Wizara ya Ardhi ndiyo yenye kuidhinisha. Hilo ndilo jibu la darasani.

Ukitoka nje ya darasa utakuta wapangaji ni wengi. Bandari iko chini ya TPA, reli ni ya TRC, barabara kuu ni za TANROADS na za mitaani ni za TARURA, maji yako kwa Tanga UWASA, umeme kwa TANESCO. Kila mmoja ana ramani yake na bajeti yake, na hela zao hazitoki mwezi mmoja. Ndiyo maana huona lami imemwagwa leo na baada ya wiki chache inachimbwa kupitisha bomba la maji. Watu husema ni hujuma. Mimi niliyekaa ndani najua ni watu wawili ambao hawakukutana meza moja.

Halafu wapo wapangaji ambao Tanga hawajawahi hata kuilalia usiku mmoja. Mwaka 2016, Uganda ilipoamua bomba la mafuta yake lije Tanga badala ya Lamu, bei ya mashamba ya Chongoleani, linapoishia bomba hilo, ilianza kupanda bila mtu wa Chongoleani kuulizwa lolote. Maamuzi ya namna hiyo hatuyawezi. Kinachonikera mimi ni kwamba maamuzi madogo tunayoyaweza, barabara ipite kwa nani, uwanja wa watoto ubaki au uuzwe, hufanyika hapa hapa, kwenye mkutano wa mtaa wenye viti hamsini na watu kumi na wawili, na kati ya hao wanne wamekuja kwa sababu walisikia kuna soda.

Mbona Ngamiani imenyooka kama rula, na huku kwetu hata bajaji haipiti?

Kwa sababu Ngamiani ilichorwa kabla ya kujengwa, na kwenu pamejengwa na bado panasubiri kuchorwa.

Wajerumani waliifanya Tanga kituo cha utawala mwaka 1891, na reli ya Usambara ikaanza kujengwa hapa mwaka 1893. Mitaa ya Ngamiani ikapigwa mistari, ikapewa namba badala ya majina, na sisi tukazirithi namba hizo hadi leo: "mimi nakaa barabara ya tisa", "msiba uko barabara ya ishirini". Mgeni akija Tanga akapotea Ngamiani, huyo hesabu hazijui.

Lakini tusisifu kupita kiasi. Mistari ile ilichorwa kwa ubaguzi. Upepo wa bahari wa Raskazone walijitengea Wazungu, maduka ya katikati ya mji yakawa ya Wahindi, na Mwafrika akawekwa ng'ambo ya reli. Ubaguzi ule umekufa, mistari imebaki, na kwa bahati mistari haina rangi. Leo gari la zimamoto linafika barabara ya ishirini. Kwa mpwa wangu, aliyejenga juzi juzi pembezoni kwa matofali ya bei mbaya na madirisha ya alumini, halifiki.

Huo mpango kabambe ndiyo kitu gani? Una tofauti gani na mchoro wa mtaa?

Mpango kabambe ni picha ya mji mzima kwa miaka ishirini hivi: huku viwanda, kule makazi, hapa barabara kuu ya baadaye, pale bonde lisijengwe. Haukuonyeshi kiwanja chako.

Mchoro wa mipango miji, ule ambao watu wa ofisini huuita "TP", ndio unaoshuka hadi kiwanja kimoja kimoja. Mchoro ukishaidhinishwa anakuja mpima kuweka mawe, na mawe yakishawekwa ndipo hati inapowezekana. Utaratibu ndio huo: kupanga, kupima, kumilikisha. Ukiona mtu anakuuzia "kiwanja kilichopimwa" na hana namba ya kitalu wala ya mchoro, amekipima kwa hatua za miguu yake.

Haya mambo ya uchumi wa dunia si yameanza juzi na bomba?

Tanga imezaliwa ndani yake. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai ni 62. Kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyojaza mkoa, reli ikavutwa hadi Moshi mwaka 1911, na manamba, vibarua wa mkataba, wakaletwa kutoka kila pembe kukata. Kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge, kwa mwaka na hakuna aliyeifikia duniani. Wazee wangu walikuwa wakisema mshahara wa mwisho wa mwezi ulisikika Tanga nzima, kwenye ngoma na kwenye mabucha.

Kisha kamba za plastiki zikatengenezwa viwandani huko kwao. Bei ikaanguka, mashamba yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na mwisho wa karne tulikuwa tunavuna kama moja ya kumi ya kile cha zamani. Kiwanda cha mbolea nacho kilianza mwaka 1972 kikitegemea malighafi ya kuletwa kwa meli, kikafungwa mwaka 1991. Vyote viwili viliondoka kwa sababu zilizoamuliwa mbali.

Manamba hawakuondoka. Walijenga, wakaoa, watoto wao ndio majirani zetu, na baadhi yao ndio hao wanaoniuliza haya maswali. Kwa hiyo mtu akinifungulia ramani mpya na kunionyesha matangi, gati na maghala, swali langu huwa moja tu: watu watakaokuja kwa ajili ya hivi vitu umewawekea wapi? Kama jibu ni "hao watajitafutia", najua mtaa mwingine wa vichochoro umeshazaliwa.

Bomba la mafuta lenyewe linahusu nini?

Linatoka Hoima, Uganda, na kuishia rasi ya Chongoleani, hapa ndani ya Jiji letu. Urefu wake ni kilomita 1,443, na 1,147 kati ya hizo ziko Tanzania, likipita mikoa minane. Jiwe la msingi liliwekwa Chongoleani Agosti 2017 na marais Magufuli na Museveni. Uamuzi wa mwisho wa kutoa fedha ukafuata Februari 2022. Mafuta ya Uganda ni mazito, yanaganda kama samli wakati wa kipupwe, kwa hiyo bomba lote linapashwa moto, kiasi cha nyuzi 50, ili yaendelee kutiririka. Likijaa lina uwezo wa kupitisha mapipa 246,000 kwa siku. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62 ya hisa. Nchi yetu kupitia TPDC, shirika letu la mafuta, ina 15.

Kwa mpangaji wa mji, bomba lenyewe si shida kubwa. Linafukiwa, njia yake ni ukanda wa upana wa mita 30. Shida ni mwisho wake: matangi, gati la kuingia baharini, eneo la usalama kuzunguka vyote hivyo, na wavuvi ambao njia yao ya kwenda kutega ilikuwa hapo hapo.

Litaleta ajira?

Wakati wa kujenga, nyingi. Likishaanza kusukuma mafuta, chache, na nyingi kati ya hizo ni za mafundi wenye vyeti. Bomba lolote duniani liko hivyo, kwa sababu kazi yake ni kupitisha.

Ajira za kudumu zitatokana na vitu vya pembeni: karakana, usafirishaji, chakula, nyumba za kupanga, mafunzo ya ufundi. Hivyo ndivyo vinavyohitaji viwanja vilivyopangwa, na mara nyingi ndivyo vinavyosahauliwa kwenye mchoro. Gereji ya mtu mwenye vijana sita haina mahali pake rasmi mjini hapa. Inakaa uchochoroni hadi siku inapofukuzwa.

Bandari imechimbwa kwa mabilioni. Mbona duka langu la Makorora halijaona kitu?

Tuanze na kilichofanyika. Miaka yote meli kubwa zilitia nanga mbali na mzigo ukaletwa nchi kavu kwa matishari, vyombo bapa vya kubebea mizigo, yaani unapakuliwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Katika mradi wa Sh bilioni 429.1, kina mbele ya gati kilichimbwa kutoka mita 3 hadi 13, na gati la mita 450 likajengwa ili meli ifunge kamba moja kwa moja. Hayo ni mabadiliko ya kweli, na mwenye mzigo anayaona kwenye ankara yake.

Lakini mzigo wa siku hizi haulali mjini. Zamani, tishari likichelewa, kuli alikula Ngamiani, dereva alilala Chumbageni, karani alinunua kitenge cha mkewe kabla ya kuondoka. Sasa gari linapakia, linatoka kuelekea Segera na Arusha au mbali zaidi, na dereva chai yake anainywa Korogwe. Bandari inavyozidi kuwa na kasi ndivyo mji unavyozidi kuwa mlango tu. Tanga tunajisifu kwa kusema "waja leo, waondoka leo", tukimaanisha ukarimu na raha zetu. Makontena yameichukua kauli ile kama ilivyo.

Ukitaka mzigo usimame, lazima uwe na cha kuufanyia: kufungasha, kusindika, kuhifadhi kwa baridi, kutengeneza. Matunda yetu ni mfano ninaourudia hadi nachosha watu. Machungwa ya Muheza yanapita hapa kwenye magunia na nyavu kuelekea kwa wanunuzi wa mbali, nasi tunabaki na maganda barabarani. Eneo la viwanda vidogo karibu na reli, lenye maji na umeme wa uhakika, lingekuwa na faida kwa duka lako kuliko gati la tatu.

Mombasa na Dar hazitatumeza?

Mombasa iko karibu, Dar ni kubwa, na zote mbili zina reli ya kisasa. Sisi tuna reli ya zamani iliyofufuliwa, ambayo treni zake za mizigo na abiria zilirudi kaskazini kuanzia mwaka 2019 baada ya kulala miaka mingi. Kupambana nazo kwa wingi wa makontena ni kutafuta kujiumiza. Tanga ina nafasi kwenye mizigo ya kaskazini, saruji, mbolea, mafuta, mkonge wenyewe ambao haujafa, na kwenye kuwa mji unaoishikilia mizigo hiyo badala ya kuipitisha tu. Barabara ya lami ya Horohoro, kilomita 65 hadi mpakani, imeifanya Mombasa kuwa soko la jirani. Mama mwenye mbuzi ishirini hahitaji mkutano wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kulijua hilo. Anahitaji choo, kivuli na mizani ya haki mpakani.

Barabara ya pwani, ya Pangani hadi Bagamoyo, itatusaidia au itatupora?

Vyote. Inafungua Pangani na Saadani, na daraja juu ya Mto Pangani ni la kuondoa foleni ya kivuko. Pia inafanya mtu wa Dar aweze kuja kununua ufukwe asubuhi na kurudi kwake kulala. Wenye mashamba ya Tongoni, Marungu na Kirare nawaambia: someni jibu linalofuata kabla hamjapokea simu.

Kuna mtu anataka ekari zangu tano. Nimuuzie?

Ndugu yangu, kuuza ni haki yako na shida zako unazijua mwenyewe. Lakini jiulize kwanza kwa nini anaitaka ya kwako, na kwa nini ana haraka.

Mara nyingi huyo ameona mchoro ambao wewe hujauona. Nilimshuhudia mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, akiuza shamba la minazi kwa bei ya shamba la minazi. Miezi michache baadaye lilikatwa viwanja, na kiwanja kimoja kikauzwa kwa hela aliyopata yeye kwa shamba zima. Hakudhulumiwa kisheria. Alisaini mwenyewe, mashahidi wapo. Alichokosa ni kwenda ofisi ya ardhi kuuliza swali moja lisilo na malipo: eneo hili limepangiwa matumizi gani?

Kama lazima uuze, usiuze lote. Pima kwanza, hata kwa kuchangishana na majirani katika urasimishaji, yaani kupanga na kupima kwa pamoja eneo lililokwisha kukaliwa, kisha uza kipande kwa bei ya kiwanja na ubaki na kingine. Mke au mume lazima aridhie kama ni nyumba ya ndoa, sheria inasema hivyo, na mauziano ya kuandikishiana mezani kwa mwenyekiti wa mtaa peke yake hayatoshi kuhamisha hati.

Mgeni asiye raia hawezi kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji na kupitia mamlaka ya uwekezaji. Akija kwako mtu akisema "mzungu wangu ananunua kwa jina langu", hapo kuna kesi inapikwa, usiwe kuni.

Ardhi yangu ikitwaliwa kwa mradi, nalipwa nini hasa?

Hili ndilo swali linaloniletea watu wengi, na ndilo linalowaumiza zaidi, kwa hiyo tukae kitako.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Kanuni za mwaka 2001 zinaichambua. Kuna thamani ya ardhi yenyewe kwa bei ya soko, pamoja na majengo na mazao. Kuna posho ya usumbufu, inayohesabiwa kwa kuchukua thamani hiyo na kuizidisha kwa kiwango cha riba ambacho benki hulipa kwa amana za miezi kumi na miwili. Kuna posho ya usafiri, gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kuna posho ya malazi, ambayo ni kodi ya mwezi ya nyumba kama yako mara miezi 36. Na kuna hasara ya faida kwa mwenye biashara, faida halisi ya mwezi mara miezi 36.

Sasa sikiliza vizuri. Posho za usafiri, malazi na hasara ya faida hazilipwi kwa ardhi tupu. Ukiwa na shamba usiloishi, hesabu yako ni fupi. Na faida ya biashara inahitaji kuthibitishwa kwa vitabu vya hesabu. Mama wa maandazi anayelisha watoto watano kwa faida ya kila siku, lakini hana daftari, mbele ya mthamini ni mtu asiye na biashara. Nimewaona wakilia, na mthamini naye hana la kufanya. Daftari la Sh 1,000, risiti, leseni ndogo ya biashara: hivyo ndivyo vitakavyozungumza kwa niaba yako siku hiyo.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hesabuni miti pamoja, mmoja mmoja, mnazi unaozaa tofauti na mche. Usikubali fomu yenye nafasi tupu, na usiondoke bila nakala. Picha utakayopigwa na kibao chenye namba, piga na wewe ya kwako kwa simu. Daftari la jumla la uthamini lazima liidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, na fidia isipolipwa ndani ya miezi sita inaanza kuzaa riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini ule umekufa na unapaswa kurudiwa, jambo ambalo wengi hawalijui na wengine hawapendi mlijue.

Mimi mwenyewe niliwahi kuthaminiwa. Sitaitaja ofisi. Walisahau kisima changu, kisima nilichokichimba kwa mshahara wa mwaka mzima, na mimi mpima mzoefu nikasaini kwa sababu jua lilikuwa kali na kijana yule alikuwa na adabu. Kisima kile kiko chini ya tuta la barabara leo.

Nyumba yangu imewekewa alama ya X. Maana yake nini?

Angalia rangi. Nyekundu huwa ni kwamba barabara ilikukuta wewe umeingia ndani ya hifadhi yake, yaani ukanda wake wa kisheria, huna fidia. Kijani ni kwamba hifadhi imepanuliwa ikakukuta, na una haki ya kulipwa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliipanua hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na hapo ndipo kijani nyingi zilipotoka. Kukaa na X ya kijani miaka na miaka, huwezi kujenga wala kuuza kwa bei ya maana, ni adhabu isiyo na hukumu. Kadai kwa maandishi, na uhifadhi muhuri wa mapokezi.

Leseni ya makazi inatosha au nitafute hati?

Leseni ni ya muda mfupi na inakulinda kiasi katika eneo ambalo halijapimwa. Hati ni ya miaka 33, 66 au 99. Ukiweza hati, chukua hati. Na pango la ardhi lilipe. Wengi hupewa hati wakaitia kabatini kama cheti cha ndoa, wakidhani kazi imeisha.

Naweza kujenga ufukweni?

Ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoharibu. Ukiniuliza mbona fulani amejenga, nitakujibu kwamba mita zetu huwa zinapimwa kwa kumtazama mwenyewe.

Pwani ya Tanga si mchanga tu. Mikoko ndiyo ukuta wetu na ndiko samaki wanakotagia. Tangu mwaka 2009 kuna Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, inayoanzia Tanga kuelekea Pangani, kwa ajili ya yule samaki wa kale ambaye wataalamu walidhani ametoweka tangu enzi za mijusi wakubwa, na wavuvi wetu wakawa wanamtoa kwenye nyavu za vilindini. Na Mwambani, ndani ya eneo hilo hilo la kusini, palitajwa kwa miaka mingi kuwa mahali pa bandari mpya ya kina kirefu. Ramani mbili, bahari moja. Nilisema mwanzoni kuhusu watu wasiokaa meza moja.

Mji ukikua hivi, maji yatatosha?

Sensa ya mwaka 2012 ilitukuta Jiji zima watu 273,332; ya mwaka 2022 ikatukuta 393,429. Ni ongezeko la kama asilimia 44 kwa miaka kumi, kabla mafuta hayajaanza hata kutiririka. Maji yetu yanatoka Mto Zigi, kupitia bwawa la Mabayani, na Zigi inatoka milima ya Usambara Mashariki, upande wa Amani. Mkulima akilima hadi ukingoni kule juu, tope linakuja kujaa bwawani. Kwa hiyo mpango wa mji wa Tanga unaanzia msituni, na anayeuchora bila kupanda Amani amechora nusu.

Mwaka 2024 Tanga UWASA ilifanya jambo ambalo halikuwa limezoeleka kwa mamlaka ya maji ukanda huu. Badala ya kusubiri ruzuku na misaada, iliuza hatifungani ya kijani, yaani ilikopa kwa wananchi na taasisi kwa mradi wenye kujali mazingira, ya Sh bilioni 53.12, ya miaka kumi, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, na wanunuzi wakazidi kiasi kilichotakiwa. Wapo waliosherehekea sana. Mimi nilifurahi kwa kiasi: riba ile italipwa na bili, na bili ni sisi. Lakini ni afadhali deni linalochimba mtaro wa maji kuliko lile la kununua magari.

Kodi tunalipa. Mbona mitaro haichimbwi?

Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, unaponunua umeme. Haiendi moja kwa moja kwa fundi wa mtaro wako. Halmashauri inabaki na ushuru wa huduma, unaotozwa kwenye mauzo ya biashara, na vyanzo vingine vidogo. Kwa hiyo kampuni kubwa ikijenga hapa lakini ikaandikisha mauzo yake kwingine, mji unabaki na malori. Diwani akija kuomba kura muulize hilo, umtazame usoni.

Mzee, na baiskeli?

Asante kwa kuuliza, maana hakuna afisa aliyewahi kuniuliza. Huu ni mji wa baiskeli. Ni tambarare, una vivuli, na mtu wa Duga anafika mjini bila kutokwa jasho la maana. Wataalamu husafiri Ulaya kwenda kujifunza njia za baiskeli, wakirudi wanatupanulia barabara za magari. Mita moja na nusu kila upande, yenye ukingo, toka Kange ilipo stendi hadi bandarini. Sijaona gharama yake ikizidi taa za mapambo.

Ramani yenyewe naiona wapi?

Ofisi ya mipango miji ya Jiji. Ni haki yako kuiona, huhitaji kujulikana na mtu. Uliza mchoro wa kata yenu kwa jina, uliza umeidhinishwa lini, na uliza kama kuna mabadiliko ya matumizi yaliyoombwa, maana hapo ndipo viwanja vya wazi hugeuka kuwa vituo vya mafuta. Kabla mabadiliko hayajapita, kunapaswa kuwa na tangazo na nafasi ya kupinga, hivyo pinga kwa barua kupitia serikali ya mtaa na ubaki na nakala. Mgogoro wa mipaka ukitokea, baraza la ardhi la kata litawasuluhisha. Likishindwa, mnakwenda baraza la ardhi na nyumba la wilaya.

Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, wachoraji hawajatoka kwenda saiti. Na usiende peke yako. Nenda na yule bibi wa mtaa anayekumbuka mwembe ulikuwa wapi kabla haujakatwa, kwa sababu mara nyingi ramani na yeye hutofautiana, na nimeshawahi kuona yeye ndiye aliyekuwa sahihi.